Kusubu chubwi nyumbani: bado kunaokoa pesa?

Kwa mvuvi anayepoteza chubwi, vile vizito vya risasi vya kuzamisha mshipi, mbili tatu kwa mwezi, jibu ni hapana. Nenda dukani ununue. Kwa anayevua kila wiki pembeni mwa mwamba, au mwenye wavu wa jarife unaotaka kilo kadhaa za uzito kwenye kamba ya chini, jibu ni ndiyo, ila kwa sharti ambalo zamani halikumsumbua mtu: uwe na risasi safi ya bei nafuu. Moto ni rahisi, kalibu ya kumiminia ni rahisi, kumimina ni mazoezi ya siku mbili. Madini yenyewe ndiyo yameadimika, na hesabu nzima imehamia huko.

Neno letu risasi limebeba vitu viwili, madini na kile kitokacho kwenye mtutu, na si ajabu, kwani zamani vyote vilisubiwa kwa kalibu za namna moja. Marekani wako watu wanaojaza risasi za bunduki zao wenyewe, na swali lao ni hili hili letu. Mashine hununuliwa mara moja, ganda la shaba hutumika tena na tena, kisha faida yote inategemea bei ya vile vinavyoisha: fataki, baruti na ile risasi ya mbele. Kwetu Kenya risasi za bunduki ni mambo ya leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, wala si kazi ya uani. Hapa ninazungumzia chubwi tu, lakini kanuni ya hesabu ni ile ile: angalia kinachoisha, usiangalie kifaa.

Risasi inatoka wapi siku hizi

Kwa miaka mingi chanzo kikubwa mjini kilikuwa vile vipande vidogo vinavyogongwa kwenye rimu ili kubalansi magurudumu. Fundi wa magurudumu alikuwa na ndoo yake pembeni, imejaa, na wewe ulibeba kilo tano kwa bei ya kirafiki. Ndoo ile bado ipo. Kilichomo ndani kimebadilika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vipande vya risasi kwenye magari mapya mwaka 2005, na viwanda vya magari vya Japani navyo viliacha kuvitumia miaka hiyo hiyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari linaloshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, leo lilitengenezwa muda mrefu baada ya mabadiliko hayo. Vipande vyake ni vya chuma au zinki. Ukichota ndoo bila kuchambua, unanunua takataka kwa bei ya risasi.

Kuchambua kunachukua dakika kumi na kunaamua kama kazi yote ina faida. Anza na sumaku, hata ile ya spika kuukuu. Kinachonata chote ni chuma, weka kando. Ila angalia: kipande cha risasi kina kibanio cha chuma, kwa hiyo sumaku itavuta kibanio. Igusishe kwenye mwili wa kipande, mbali na kibanio. Kisha soma herufi zilizopigwa juu yake: Fe ni chuma, Zn ni zinki, Pb ni risasi. Kisicho na herufi kibane kwa koleo. Risasi huingia meno ya koleo na kubaki na mistari, zinki hukataa. Kidondoshe kwenye sakafu ya simiti: zinki hulia, risasi huanguka kwa mshindo mzito usio na mlio. Na kipande cha risasi kilichokwanguliwa upya kikiburuzwa juu ya karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu kama penseli.

Kwa nini zinki iogopwe? Risasi huyeyuka nyuzi 327, zinki nyuzi 419. Moto ukiwa mkali zinki nayo huyeyuka, huchanganyika, na karai lako lote huwa kama uji ulioshika madonge. Haimiminiki, haijazi pembe za kalibu, na chubwi hutoka na mashimo ubavuni. Kipande kimoja cha zinki kikikuponyoka bado kuna wokovu: zinki ni nyepesi kuliko risasi, huelea. Weka moto wa wastani, na chochote kinachoelea bila kuyeyuka, pamoja na vibanio vya chuma, kiondoe mara moja.

Chanzo bora kuliko hivyo vipande ni shiti za risasi zilizotolewa kwenye paa za majengo ya zamani au kwenye vyumba vya eksirei vinavyobomolewa. Hiyo ni laini na karibu safi kabisa. Ganda la risasi la nyaya za simu za zamani nalo ni zuri, lakini hapo tahadhari. Wizi wa nyaya umeiumiza nchi kiasi kwamba Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, ikairuhusu tena miezi michache baadaye kwa masharti. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na ondoka na risiti. Kilo nne za nyaya zisizo na mwenyewe hazistahili kukulaza kituoni.

Betri za gari, hapana. Ndizo rahisi kupata kuliko vyote, na kila mwaka kuna mtu anayezipasua nyuma ya nyumba akidhani ameokota dhahabu. Kwanza, kwa hesabu tupu hazilipi. Sehemu kubwa ya uzito wa zile bamba ni unga wa oksidi na salfeti ya risasi, na unga huo haugeuki madini kwenye jiko la makaa, hubaki vumbi. Pili, asidi. Tatu, bamba hizo huchanganywa na antimoni, aseniki au kalisi, na mavi yake (taka inayobaki juu baada ya kuyeyusha) yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi za arsini na stibini, ambazo ni sumu kali. Nne, na hili ndilo zito, lile vumbi. Mombasa hatuhitaji kuambiwa na mtu wa mbali. Owino Uhuru, kule Mikindani, iliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa mjini iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Phyllis Omido, aliyesimama mbele katika kudai haki hiyo, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Anayepasua betri uani anajenga kiwanda kile kile kwa udogo, na wanaocheza kwenye udongo huo ni wanawe.

Hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano, ili uone jinsi ya kupiga hesabu. Weka za kwako.

Tuseme kilo ya risasi chakavu iliyo safi ni shilingi 200. Ukiyeyusha na kuondoa mavi, katika kila kilo utabaki na gramu 900 hivi za kusubu. Chubwi ya gramu 50 utapata 18. Makaa tuseme shilingi 100 kwa kikao cha kilo tano, yaani 20 kwa kilo. Jumla 220, gawa kwa 18, kila chubwi inakugharimu shilingi 12 na senti kidogo. Kama dukani ni 20, unaokoa karibu 8 kwa kila moja. Sasa weka vifaa: karai, upawa, kalibu, glavu za ngozi, miwani. Tuseme 2,500. Utahitaji kusubu chubwi zaidi ya 310 ndipo pesa ya vifaa irudi. Anayepoteza nne kila wiki atafika huko baada ya mwaka mmoja na nusu. Anayepoteza tatu kwa mwezi, mjukuu wake ndiye atakayeiona faida.

Rudia hesabu hiyo kwa ndoo isiyochambuliwa. Nusu ya uzito ni chuma, zinki na vibanio, kwa hiyo kilo inakupa gramu 500, chubwi 10. Gharama ni ile ile 220. Kila chubwi sasa ni shilingi 22, na bado hujalipia kifaa hata kimoja. Umefanya kazi jua kali ili upate chubwi ya bei juu kuliko ya dukani. Hapo ndipo wengi waliomo hasarani walipo, na hawajui, kwa sababu hawakupima uzito wa kilichotoka.

Kuna jambo jingine watu hulikosea: kuyeyusha kidogo kidogo. Risasi inataka joto dogo mno. Kilo tano zake huyeyuka kwa joto linalokaribiana na la kuchemsha lita moja ya maji ya chai. Makaa mengi huishia kulipasha jiko lenyewe, karai na hewa. Kwa hiyo makaa ya kuyeyusha kilo moja hayapishani sana na ya kilo sita. Kusanya kwanza, usubu mara mbili au tatu kwa mwaka. Watatu wakishirikiana vifaa na kikao kimoja, ile miaka ya kurudisha gharama inakuwa miezi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia pekee inayomlipa mvuvi wa mshipi wa kawaida.

Kalibu

Ya mbao ni ya siku moja. Chukua vipande viwili vya mvule uliokauka kabisa, visawazishe vikutane bila mwanya, vibane pamoja kwa jiliwa. Toboa kwenye mstari wa makutano, nusu ya tundu iwe upande huu na nusu upande ule. Kwa chubwi ya gramu 50: kipenyo milimita 12, kina milimita 40. Kwa ya gramu 100: kipenyo 16, kina 45. Kisha endelea chini kabisa kwa keekee ya milimita 2, ipite spoki ya baiskeli katikati. Spoki ndiyo itakayoacha njia ya mshipi. Ipake masizi, usiipake mafuta. Juu panua mdomo uwe kama faneli ndogo.

Ukitaka chubwi ya kitanzi badala ya yenye tundu, acha spoki, weka waya wa shaba uliokunjwa, miguu yake ikiwa imepindwa ndani ili isichomoke. Waya wa umeme wa milimita mraba 2.5 uliochunwa unafaa. Usitumie waya wa kufungia nondo; maji ya chumvi huula, na chubwi nzima huachwa chini kwa sababu ya waya wa senti.

Mbao inaungua taratibu, na hapa kuna mwizi asiyeonekana. Tundu la milimita 12 likifika 13, chubwi yako ya gramu 50 imekuwa 59. Kwa macho huoni tofauti. Kwa mizani, umepoteza karibu chubwi moja katika kila sita. Pima moja kila kikao, na kalibu ikipanuka ichome jikoni, tengeneza mpya. Anayesubu mamia afadhali aende kwa fundi wa jua kali amchongee ya alumini. Alumini huyeyuka nyuzi 660, risasi haiigusi, na tundu halibadiliki.

Mchanga wa ufuoni usiutumie kwa kalibu. Una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa yetu usiku kucha hata ukiuanika mchana. Jiwe la matumbawe pia hapana, ingawa ni laini kuchonga na limejaa kila mahali Mji wa Kale. Lina vitundu tele vinavyoficha maji.

Moto

Maji ndiyo adui. Tone likianguka juu ya risasi iliyoyeyuka, mara nyingi huchachatika na kupotea. Tone likinaswa chini yake hugeuka mvuke ghafla, hupanuka zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na karai zima hurushwa hewani. Kwa hiyo hatari haiko kwenye jasho la uso. Iko kwenye kipande chenye unyevu unachotia ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka. Chubwi zilizookotwa mwambani zina chumvi, mchanga na vijidudu vya baharini kwenye kila tundu. Hizo zianikwe siku mbili, kisha ziwekwe kwenye karai likiwa bado baridi, zipande joto pamoja nalo. Cha kuongezea kikilazimika, kiweke kwanza ukingoni mwa jiko dakika kumi, kipate moto, ndipo kiingie kwa koleo, polepole.

Chagua siku kavu. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mizuri. Masika yakianza, achana nayo. Mahali ni nje, si chini ya makuti, si barazani, si kwenye uani uliozungushiwa kuta pande nne. Simama upande unakotoka upepo. Viatu vya kufunika vya ngozi, suruali ndefu ya pamba iliyoshuka juu ya kiatu isije risasi ikaingia ndani, glavu, miwani. Malapa ni ya safari ya kwenda kuogelea. Watoto na kuku wafungiwe.

Chombo kiwe karai la chuma au sufuria nzito ya chuma cha kusubu. Sufuria zetu za alumini, zile za kupikia wali, usizithubutu. Alumini hulegea kabla ya kuyeyuka, na makaa yanayopulizwa hufika mbali zaidi ya nyuzi 660. Lita moja ya risasi iliyoyeyuka ina kilo 10 na zaidi. Kitako kikitoka, inamwagika yote kwa mara moja, kwenye makaa na miguuni. Na karai lililotumika kwa risasi halirudi jikoni maisha, hata likisuguliwa vipi. Litoboe mkono ili mtu asije akakosea.

Jiko liwe imara na liwe chini, juu ya udongo mkavu au mchanga mkavu. Weka risasi, washa, ngoja. Itakaa muda mrefu kama vile hakuna kinachotendeka, kisha vipande vya chini vitaanza kuzama kimoja kimoja bila sauti, na mara utaona uso unaong'aa kama kioo, na hapo hapo unafunikwa na utando wa kijivu. Sukuma utando kwa upawa mkavu uliopata moto: chini yake unajiona uso wako. Tupia kipande cha mshumaa cha ukubwa wa kunde. Kitafuka moshi na huenda kikawaka. Hilo ni sawa. Koroga kuanzia chini na kukwangua pembeni. Nta hiyo huirudisha sehemu ya oksidi kuwa risasi, na uchafu hujitenga kama majivu makavu. Uchote, uweke kwenye mkebe wenye kifuniko. Rudia mara moja tena. Aliyeruka hatua hii hupoteza madini: anachota utando unaong'aa akidhani ni taka, na nusu yake ilikuwa risasi.

Kama hazina ni kubwa, fanya kazi hii ya kusafisha siku yake, umimine vipande vyenye umbo kama la mkate kwenye chuma cha pembe chenye kutu kidogo (kutu huzuia kunata), kisha usubu siku nyingine kwa risasi iliyo safi tayari. Siku ya kusubu inakuwa nyepesi sana.

Joto la kumimina ni kama nyuzi 370 hadi 420. Asiye na kipimajoto achovye kipande cha karatasi kavu ya gazeti. Kikigeuka kahawia, panafaa. Kisipobadilika, ngoja. Kikishika moto papo hapo, punguza makaa. Uso ukianza kuonyesha rangi ya dhahabu kisha zambarau na buluu, umezidisha. Unaunguza risasi yako na kutengeneza mavi zaidi.

Kalibu ipashe moto kwanza. Ishike juu ya koroboi ipate masizi ndani, safu nyembamba nyeusi. Masizi huiachia chubwi itoke na huiruhusu risasi itiririke hadi chini. Chota kwa upawa, mimina kwa mkondo mmoja bila kusita, jaza hadi faneli ifurike kidogo. Risasi ikiganda hunywea, na ile ya faneli ndiyo inayoshuka kujaza. Hesabu hadi kumi na tano, ishirini kwa ya gramu 100. Vuta spoki kwa kuizungusha ingali moto, fungua, idondoshe kwenye kitambaa kikavu. Usiitie majini. Shina la faneli likate kwa koleo, lirudi karaini.

Za kwanza tatu nne zitakuwa mbaya. Kwenye kalibu ya mbao zitakuwa na viputo, maana mbao inatoa mvuke wake wa mwisho. Zirudishe, endelea. Baada ya hapo, chubwi yenyewe itakuambia. Ikiwa na makunyanzi kama ngozi ya embe kavu, kalibu ni baridi au ulimimina kwa kusita. Ikiwa na uso wa chengachenga, kama sukari, kalibu imepata moto kupita kiasi. Ipumzishe dakika mbili. Shimo juu penye shina: hukujaza faneli. Ukingo mwembamba umetoka ubavuni: nusu mbili hazikubana. Na ikiwa haijafika chini licha ya kila kitu kuwa sawa, kumbuka zinki.

Mvuke wa risasi kwenye nyuzi 400 ni kidogo. Kinachoingia mwilini ni vumbi la yale mavi, kwa mikono na kwa nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia kuliko wote. Kwa hiyo hakuna kula, hakuna sigara, hakuna miraa mdomoni wakati wa kazi. Nawa kwa sabuni na maji baridi, badilisha nguo kabla ya kuingia ndani, zifue peke yake. Ule mkebe wa mavi usimwagwe jalalani wala mferejini. Bado una risasi nyingi. Muuzaji wa chakavu mwenye leseni huununua.

Ikiwa hesabu imekataa

Kuna njia ya tatu, wala haina moto. Nati kuukuu, plagi za gari zilizokufa, vipande vya nondo. Watu huzidharau, lakini tuangalie maji yanavyosema. Chubwi ya risasi ya gramu 100 ikizama kwenye maji ya bahari inavuta kama gramu 91. Chuma cha gramu 100 kinavuta 87. Tofauti ni ndogo: chuma cha gramu 105 kinafanya kazi ya risasi ya 100. Kasoro yake ni unene. Kipande hicho ni kikubwa kwa nusu zaidi, kwa hiyo mkondo unakishika. Ndani ya mwamba, Tudor au Mtwapa maji yakiwa yametulia, nati inatosha kabisa. Kwenye mlango wa Kilindini maji yakitoka kwa nguvu, itakokotwa, na mshipi utalala. Huko risasi haina mbadala. Jiwe ndilo duni kuliko vyote: utahitaji la gramu 150, nalo litakuwa na ukubwa wa zaidi ya mara sita.

Na kabla ya kununua hata karai, badilisha ufungaji wako. Wengi hufunga chubwi moja kwa moja kwenye mshipi mkuu. Ikikwama kwenye jiwe wanavuta hadi mshipi unakatika mahali popote, na huenda ndoana, chambo, chubwi na mita kumi za mshipi. Funga chubwi chini kabisa kwa uzi dhaifu wa sentimita 30: mshipi mkuu ukiwa wa milimita 0.70, uzi wa chubwi uwe 0.40. Ikikwama, unakatika uzi tu. Ndoana inapanda, na changu kama alikuwapo anapanda nayo. Nati kwenye uzi dhaifu, kwa anayevulia mwambani, inashinda kalibu yoyote ya alumini.

Zilizobaki huko chini si zote zimepotea. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, ukingo wa mwamba unajitokeza, na penye watu wengi wa mshipi utaziona kwenye mifuo, zimeota kijani, nyingine bado na kipande cha uzi. Nenda na viatu vya mpira, mfuko wa kitambaa na koleo, uangalie saa ili maji yasikuzunguke nyuma. Zianike siku mbili juani kabla hazijaingia karaini.